Siku Maestro Alipoifunika Kompyuta Taulo

Bibi Nila aliporudi ndani na kapu la nguo alizoanua, alimkuta mumewe amekaa sebuleni, mikono magotini, na kompyuta imefunikwa taulo la kuogea.

"Hilo taulo linafanya nini hapo?"

"Kompyuta imepata joto."

"Kitu kikipata joto unakifunika?"

Mzee Melencio Catindig akageukia ukuta. Huyu ndiye aliyeongoza bendi ya matarumbeta ya Santa Rufina tangu nywele zake zikiwa nyeusi, mtu ambaye akiinua kidole tu hata wapiga ngoma wananyamaza, na mji mzima unamwita Maestro. Sasa alikuwa anautazama ukuta kama mtoto aliyevunja sahani. Nila akaweka kapu chini, akashika ncha ya taulo, akavuta.

Kioo kilikuwa chekundu chote. Katikati palikuwa na maandishi meupe ya Kiingereza, na chini yake saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma.

"Melencio, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimebonyeza tu."

Na kweli, alikuwa amebonyeza tu. Asubuhi ile ilikuja barua pepe iliyosema imetoka kwa kamati ya mashindano ya bendi ya mkoa. Iliisifu bendi ya Santa Rufina kwa maneno matamu na kumwomba Maestro afungue kiungo asome masharti. Melencio alikuwa amengoja kusifiwa na mkoa maisha yake yote, akafungua. Ukurasa ukamwambia kivinjari chake kimepitwa na wakati, abonyeze hapa kukisasisha. Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza kwamba anao, tena kwa hasira kidogo, maana hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Akaenda kupika kahawa. Aliporudi, faili zake zilikuwa zinabadilika majina moja baada ya jingine mbele ya macho yake. Badala ya kuita mtu, akaenda bafuni kuchukua taulo.

"Liezel!" Nila akapiga kelele kuelekea ngazini. "Shuka, mwanangu! Baba yako ameua kompyuta!"

Liezel ni mke wa mtoto wao Danilo, ambaye ni baharia na huonekana nyumbani kama sikukuu. Liezel anafanya kazi chumbani juu, akishughulikia mahesabu ya zahanati moja ya ng'ambo, na kazi hiyo imemfundisha kuwa mwoga wa barua pepe kuliko watu wengi wanavyoogopa nyoka. Alishuka na kalamu sikioni, akaona kioo chekundu, akasimama.

"Iko hivi tangu lini?"

"Tangu kahawa," akasema Melencio.

"Kahawa ya asubuhi au ya jioni?"

Melencio akajikuna kidevu.

"Baba!"

"Ya asubuhi."

Liezel hakungoja maelezo zaidi. Alichomoa waya wa intaneti, akapanda ngazi mbio kuitazama kompyuta yake ya kazini, akakuta iko salama, akashuka tena anahema.

"Ile diski niliyokupa ya kuwekea nakala za akiba, iko wapi?"

Melencio akaelekeza kwa midomo, nyuma ya kompyuta. Diski ilikuwa imechomekwa palepale, taa yake inawaka.

"Si nilikwambia ukimaliza unaichomoa unaiweka kabatini?"

"Ningeichomoa ningeisahau nilikoiweka."

"Sasa wameifunga na yenyewe."

Hapo ndipo mzee alipoinamisha kichwa. Mle ndani mlikuwa na nota zote za bendi, nyimbo za maandamano na za mazishi, na zaidi ya hizo mlikuwa na machi mpya, muziki wa kuandamania, aliyoitunga mwaka mzima, ya kupigwa wakati sanamu ya Mtakatifu Rufina inapotolewa kanisani siku ya fiesta, sikukuu ya mtakatifu wa mji. Na fiesta ilikuwa wiki inayofuata.

"Hayo maandishi yanasemaje?" akauliza Nila.

"Wanataka hela wafungue." Liezel akataja kiasi.

Nila akakaa chini juu ya nguo safi. "Kwa hela hiyo si tungejenga choo cha pili!"

"Labda tukiuza pikipiki," Melencio akasema kwa sauti ndogo.

"Hatuuzi kitu, Baba. Hao ni wezi. Ukiwalipa, nani anakuhakikishia watakupa ufunguo? Watakachojua ni kwamba nyumba hii inalipa, basi. Nitaripoti polisi, na diski tutaitunza, pengine siku moja ufunguo utapatikana. Lakini kompyuta naifuta yote, tunaanza upya."

"Na machi yangu?"

Liezel akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

*

Habari katika mji wetu huvuka barabara kabla ya mwenyewe kuvaa viatu. Kesho yake asubuhi Nila alikwenda sokoni kununua samaki kwa Osang, ambaye kwenye bendi ndiye mpiga matoazi, na mdomo wake una nguvu kama mikono yake.

"Dada Nila! Nasikia kompyuta ya Maestro inaumwa."

"Inaumwa."

"Nasikia ni ule ugonjwa wa kutazama wasichana."

Wauza mboga wakaacha kufunga mafungu. Mmoja akajifunika uso kwa kicha cha kitunguu jani alichoshika, mabega yanamtetemeka.

"Nani kasema?"

"Watu. Wanasema virusi havimpati mtu anayesoma Injili."

"Osang, yule mzee hata kunitazama mimi anavaa miwani. Hao wasichana atawaonea wapi?"

Soko zima likaangua kicheko, na Nila akacheka pia, akadai samaki wa nyongeza, akapewa. Lakini njiani uso ulimwaka moto. Alifika nyumbani akautupa mfuko wa samaki kwenye sinki.

"Nimechekwa sokoni kwa ajili yako! Eti ulikuwa unatazama wasichana."

"Wasichana?" Melencio akasimama. Akafikiri kidogo, akakaa tena. "Afadhali ingekuwa wasichana."

"Ati nini?"

"Maana ningekuwa nimeona kitu. Mimi nimefilisiwa kwa kusoma masharti ya mashindano!"

Jioni ile kulikuwa na mazoezi. Bendi hufanyia mazoezi uani kwake, chini ya paa la bati, lakini Melencio alivaa fulana ya kulalia, akamwambia mkewe atoke akawaambie ana homa. Liezel akazuia mlango.

"Baba, kutapeliwa si kosa la jinai. Kazini kwetu mkurugenzi mwenyewe alibonyeza kiungo kama hicho."

"Akafunika taulo?"

"Akachukua likizo."

Mzee akatabasamu bila kupenda.

"Ukijificha, watasema wasichana. Ukitoka, watasema umetapeliwa," Liezel akaendelea. "Chagua moja. Wapo nje wanakula karanga zako."

Melencio akavua fulana ya kulalia, akavaa shati.

*

Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, vyombo magotini, na alipotokea wote walinyamaza ule unyamavu wa watu waliokuwa wakimsema mtu. Melencio hakupanda kwenye kibao chake cha kuongozea. Alisimama chini, sawa nao.

"Nimedanganywa na barua," akasema. "Ilinisifu, nikaifungua. Ikaniambia nibonyeze, nikabonyeza. Nota zetu zote zimefungwa na wezi, na machi ya fiesta imekwenda nazo. Kosa ni langu. Mkwe wangu alinionya kuhusu ile diski, nikajifanya najua."

Berting, mwuza nyama ya nguruwe anayepuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, akainua mkono kama yuko darasani.

"Kwa hiyo Maestro, hakuna wasichana?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Berting, hata mmoja."

"Mimi niliwaambia!" Berting akawageukia wenzake. "Niliwaambia yule mzee hana bahati hiyo!"

Ua lote likalipuka. Melencio mwenyewe alicheka mpaka akashika nguzo ya bati. Kicheko kilipotulia, Osang akagonganisha matoazi yake kidogo kuomba nafasi.

"Lakini Maestro, mimi sijaelewa. Machi imepotea vipi wakati mimi nimeshaichoka?"

"Imepotea, Osang. Ilikuwa kwenye kompyuta."

"Na hii je?" Berting akafungua sanduku la tuba, akatoa karatasi iliyong'aa kwa mafuta ya nguruwe. "Si sehemu yangu hii? Ulinipa mwenyewe siku zile za mvua."

Melencio akaichukua. Zilikuwa nota zake za kwanza kwanza, kabla hajazirekebisha. Kila mazoezi alikuwa akisema kwa mdomo, hapa shusheni, pale ngojeni kidogo, na nyumbani akaingiza masahihisho kwenye kompyuta. Karatasi hizi alishazihesabu ni takataka. Lakini pembeni, kwa penseli ya kuandikia bei za nyama, Berting alikuwa ameandika kila alichoambiwa. *Shusha. Ngoja. Maestro amekasirika hapa, pumua mapema.*

"Nani mwingine anayo?" akauliza, bila kuiachia karatasi.

Masanduku yakaanza kufunguka. Wa tarumbeta wakatoa zao zilizokunjwa kama tiketi. Mpiga ngoma kubwa alikuwa amebandika yake ndani ya ngoma. Mwalimu Dading, mwanamke mrefu wa klarineti ya pili, akasema yake imeliwa na mbuzi wa jirani, lakini akaketi wima, akafumba macho, akaipiga yote kichwani bila kukosea, na mzee akaandika kwa kasi huku akiguna kila alipopata kipande alichokipenda.

Kazi ile iliwachukua jioni kadhaa. Nila alipika pansit, tambi za kukaanga, kwa sufuria ya msibani, kwa sababu hakukuwa na nyingine ya kutosha, na Osang akaleta samaki wa kukaanga akisema ni faini ya umbea wake. Walikuwa wakipiga kipande, wanasimama, wanabishana.

"Hapo tarumbeta zinaingia."

"Zinaingia baadaye."

"Baadaye wewe ulikuwa umelala!"

Kilichowashinda ni kipande kimoja tu, ule mpito mwororo kabla sanamu haijavuka kizingiti cha kanisa. Aliyekuwa nao ni mpiga horni, na mpiga horni alikuwa amekwenda Qatar kufanya kazi hotelini, na sanduku lake ameliuza. Wakampigia simu. Akasema anakumbuka mwanzo, akauimba, akakwama, akasema samahani Maestro, mwisho umenitoka. Melencio naye akajaribu, akajaribu tena, ukawa unamponyoka.

Nila alikuwa pembeni anamenya papai bichi. Hakuinua macho. Akaimba mpito ule wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtu anayefikiria jambo jingine.

Bendi yote ikamgeukia.

"Umeujulia wapi?" akauliza mumewe.

"Nimeujulia wapi? Mwaka mzima unauimba bafuni, Melencio. Hata mbwa anaujua."

Mzee akaandika kwa haraka, kisha akaiweka penseli chini, akaenda kumbusu mkewe kwenye paji la uso mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Osang akapiga matoazi.

*

Liezel naye alikuwa hajakaa bure. Aliifuta kompyuta, akaiwekea kila kitu upya, akanunua diski nyingine, na mchana mmoja akamketisha baba mkwe wake.

"Sikiliza, Baba. Akaunti yako hii ni ya kuandikia nota na barua. Haiwezi tena kuweka programu mpya. Ukitaka kuweka kitu, kunahitajika nywila."

"Nipe."

"Anayo Mama."

"Nila? Hajui hata kuiwasha!"

"Ndiyo maana nimempa."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko kirefu. Melencio akakunja mikono.

"Halafu?"

"Halafu hili dirisha la bluu. Kila barua ya mtu usiyemjua, kila kiungo, unakifungulia humu. Humu ndani ni kama kompyuta nyingine ndogo, peke yake. Haizioni nota zako, haiijui diski, haijui hata jina lako. Ukurasa ukiwa na ubaya, ubaya unabaki humo. Ukilifunga dirisha, kila kilichoingia kinafutika, na ukilifungua tena ni jipya."

"Kwa hiyo umenijengea banda. Mimi ndiye mbuzi."

"Wewe si mbuzi. Mbuzi ni huo ukurasa."

"Si afadhali nisifungue kabisa barua za wageni?"

"Halafu bendi itapata wapi kazi? Kila anayewaalika huanza akiwa mgeni." Liezel akavuta kiti karibu. "Sikukatazi kufungua, Baba. Nakupa mahali pa kufungulia. Lakini humo usiandike nywila wala namba ya benki, na usitoe faili kulileta huku kabla hujaniita. Ukiwa na shaka, unampigia simu aliyekuandikia, kwa namba unayoijua wewe, si ile aliyoiandika yeye kwenye barua."

Mzee alinuna. Alinuna wakati wa chakula cha jioni, na kesho yake kwenye kahawa. Siku iliyofuata ikaja barua ya kumpongeza kwa kushinda ala mpya za muziki. Akalifungua dirisha la bluu, akaingia. Ukurasa ukamwambia kivinjari chake kimepitwa na wakati.

"Nila! Liezel! Njooni muone, wamerudi!"

Wakaja mbio, Nila na mwiko mkononi. Melencio alikuwa ameegemea kiti, macho yanang'aa.

"Wanataka nibonyeze. Tazameni wanavyobembeleza. Masasisho ya kweli huja yenyewe, sivyo, Liezel? Hayaji kwa barua ya kugawa matarumbeta." Akapeleka kishale pembeni, akalifunga dirisha. Akalifungua tena, ndani jeupe, tupu, safi. Akafungua folda ya nota. Machi, aliyokwisha kuiingiza upya, ilikuwa imekaa palepale ilipokuwa. "Hebu fikiria! Wamekuja mpaka mlangoni, wamerudi na njaa."

"Vizuri, Baba, lakini usiwachokoze makusudi," Liezel akasema. "Ukuta huu ni mzuri, lakini nao umejengwa na watu. Ukishuku tangu mwanzo, futa barua hukohuko."

"Sawa," akasema. Kisha, kwa Nila: "Diski nimeichomoa jana. Iko kabatini, chini ya shuka zako."

"Nimeiona. Nilidhani umeniwekea zawadi."

*

Siku ya fiesta machi ilipigwa. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha barabara inang'aa, watu wamejaa mpaka kwenye madirisha, na mpito ule mwororo ulipofika, sanamu ikivuka kizingiti, Nila alikuwa barazani mwa kanisa akiimba bila kujificha. Wachukuzi wa sanamu walisema baadaye kwamba miguu yao ilijiendea. Berting alipuliza tuba mpaka kifungo cha shati kikamruka, kikampiga mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akakiokota, akakiweka mfukoni, akaendelea kuandamana.

Jumapili iliyofuata bendi ilikusanyika tena uani, bila sababu kubwa, kula mabaki na kurudia sifa walizopewa. Melencio alikuwa ndani akisoma barua zake. Mara akatokea mlangoni, uso umemkunjamana.

"Kuna barua imesema imetoka parokia ya San Bartolo. Eti wametusikia, wanatutaka kwenye fiesta yao. Imetusifu sana."

"Aaah!" bendi nzima ikaguna.

"Futa, Maestro!" akapaza sauti mpiga ngoma.

"Tena na kiungo inacho," akasema Melencio. "Nimekifungua kwenye dirisha la bluu. Hakijaniambia nibonyeze kitu wala nisasishe kitu. Ni ramani tu. Hilo ndilo linanitia wasiwasi."

"Mpigie paroko," akasema Liezel kutoka kwenye ngazi.

"Namba iliyo kwenye barua siipigi."

"Binamu yangu anaimba kwaya San Bartolo," akasema Osang, na tayari alikuwa ameshika simu. Baada ya kelele kidogo za kifamilia akapata namba ya Padre Anselmo mwenyewe. Melencio akaipiga, akaweka simu kwenye kipaza sauti, akasimama wima kama askari.

"Haloo?"

"Nani mwenzangu?" akauliza Melencio.

"Padre Anselmo. Wewe nani?"

"Tutafika huko. Kwanza, umetuma barua leo?"

"Nimetuma barua nyingi. Wewe ni polisi?"

Berting akaziba mdomo kwa kofia.

"Mimi ni Maestro Catindig wa Santa Rufina. Padre, kwa heshima zote, unasema ulitusikia kwenye fiesta yetu. Ulikuwa umesimama wapi?"

Ikasikika pumzi ya mtu anayejizuia kucheka.

"Nilisimama kwa yule mama muuza bibingka, ile keki ya mchele. Ndiyo kwanza nimetia ya moto mdomoni, tarumbeta zenu zikaanza bila taarifa, nikaimeza nzima. Ulimi wangu mpaka leo hausikii chumvi. Misa ya Jumatatu niliisoma kwa kithembe."

"Ni yeye!" Osang akaruka kutoka kitini. "Nilimwona! Nikadhani analia kwa ibada!"

Ua likawa kelele tupu. Watu walipigana mabega, Mwalimu Dading alikuwa anafuta macho, na Nila alishika mlango kwa kucheka.

"Maestro?" simu ikaita. "Maestro, upo? Mmenihoji, mmenicheka, sasa niambieni. Mnakuja au hamji?"

Melencio akawatazama watu wake. Berting alikuwa ameshajiingiza ndani ya tuba. Wa tarumbeta walikuwa wanalowesha midomo. Akaiweka simu juu ya kiti cha plastiki, akaigeuza vizuri iwaelekee, akapanda kwenye kibao chake, akainua kidole.

Padre alisema jambo jingine baada ya hapo, tena alilisema kwa sauti kubwa, lakini kwa matarumbeta yale hakuna aliyelisikia.